Tabo juu ya tabo, au tabo na supachaja? Hoja za injini ndogo ya petroli kutoka Mtwara

Minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia, mazungumzo ya vijana wa Mtwara hubadilika. Wenye viwanja wanaulizia bei ya bati, wenye magari wanaulizia namna ya kuyaongezea nguvu. Mwenye Toyota IST anataka likimbie. Mwenye kirikuu anataka ibebe magunia hadi Newala bila kuishia gia ya kwanza. Halafu anatokea mmoja aliyekesha na video za YouTube, anakuja na msimamo: "Kaka, tabo moja ni mambo ya kizamani. Mimi nafunga mbili."

Mimi si fundi wa kulipwa. Naendesha Pajero Mini ya cc 660 yenye tabo ya kiwandani, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa zaidi, na jioni nyingi utanikuta kwenye gereji moja ya Chikongola nikiangalia kazi za watu na kuchangia maneno ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa hiyo nasema kama mtumiaji aliyesoma sana, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao aanze kujiandaa: kwa injini ndogo ya petroli, tabo juu ya tabo ni dawa ya ugonjwa wa dizeli. Tabo na supachaja (kifaa cha kazi hiyo hiyo, ila kinazungushwa na beliti) ndiyo iliyolenga ugonjwa wenyewe wa petroli, ila ilikuwa dawa ghali, na muda si mrefu ikaja nyingine ya bei nafuu.

Kwanza tuelewane, kwa sababu "tabo mbili" ni jina linalobeba vitu visivyofanana. Kuna tabo mbili za sambamba, kila moja ikilishwa na nusu ya silinda zote, kama unavyozikuta kwenye injini nyingi za V6. Hizo tuziache. Kuna tabo za kupokezana: moja inaanza, nyingine inaingia mizunguko ya injini ikipanda. Ndivyo walivyofanya Mazda kwenye RX-7 na Toyota kwenye Supra za miaka ya 1990. Zote ni za heshima, lakini hewa inayoingia kwenye injini inakuwa imegandamizwa mara moja tu.

Ninayoiita tabo juu ya tabo ni mpango mwingine. Tabo kubwa inavuta hewa ya nje, inaigandamiza, inaipeleka kwenye mdomo wa tabo ndogo, nayo ndogo inaigandamiza tena kabla ya kuingia kwenye injini. Moshi unakwenda kinyume chake: ukitoka kwenye silinda unaanza kuzungusha ndogo, mabaki yanazungusha kubwa. Na tabo na supachaja ni pale ambapo moja ya hizo mbili inaondolewa, mahali pake inakaa supachaja inayozungushwa na beliti kutoka kwenye krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Mipango hii miwili inafuata hesabu moja. Presha haijumlishwi, inazidishwa. Kifaa cha kwanza kikipandisha hewa mara 1.7 na cha pili mara 1.7, jibu ni mara 2.89, siyo 3.4 wala siyo 1.7. Kijana akishaiona hesabu hiyo macho yanamtoka, na hapo ndipo kumrudisha chini kunakuwa kazi.

Sasa tuangalie ugonjwa wenyewe. Injini ya mipigo minne ya lita 1.4 inameza ujazo wake mzima kila mizunguko miwili ya krenki. Kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika hiyo ni kama lita 17 za hewa kwa sekunde. Kwenye 6,000 ni lita 70. Tabo inaishi kwa moshi tu, na moshi ni hewa ile ile ikiwa imeungua. Ukichagua tabo ndogo inayoamka na zile lita 17, zikija 70 itaziba njia ya moshi na injini itakata pumzi. Ukichagua kubwa inayomudu 70, kule chini italala usingizi wa pono.

Ukitaka kuujua usingizi huo, panda Newala kutoka upande wa Masasi. Uwanda wa Makonde huku pwani unapanda taratibu, ukitoka Mtwara kupitia Tandahimba unaweza usijue kwamba umepanda. Upande wa Masasi unakutana na ukuta. Mbele yako kuna lori la korosho linalokwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, gia umeshusha, mizunguko iko 2,000 na kitu, na tabo ya cc 660 haina moshi wa kutosha kuzunguka. Unakanyaga mafuta, gari linakutazama. Unashusha gia nyingine, sindano inavuka 3,000, ghafla linaruka mbele kama limechapwa kiboko, na lori ndiyo hilo limejaa kwenye kioo. Unaachia. Linalala tena. Wanaoendesha Pajero Mini, Jimny na Terios Kid zenye tabo wanajua ninachosema. Nguvu ya juu haikosekani: Wajapani wenyewe wamejiwekea kikomo cha nguvu farasi 64 kwa magari ya aina hiyo, na nyingi zenye tabo zinakifikia. Inayokosekana ni nguvu ya chini, pale ambapo dereva wa mlimani anaishi.

Supachaja haina usingizi huo. Krenki ikizunguka nayo inazunguka, na hewa ipo tangu unapogusa mafuta. Toyota waliitumia kwenye 4A-GZE ya lita 1.6 kuanzia 1986, ndani ya MR2 na Corolla za enzi hizo, na Subaru waliiweka hata kwenye vigari vyao vya cc 660. Shida ni malipo. Nimekaa na kikokotoo: kuipandisha hewa ya injini ya 1.4 mara 1.8 kwenye mizunguko 3,000 kunaila krenki kilowati kama 6 au 7, yaani nguvu yote ya bodaboda ya cc 100 inakatwa kabla gurudumu halijaonja kitu. Na kadiri mizunguko inavyopanda, bili inapanda.

Kwa hiyo wazo la kuziunganisha linakuja lenyewe: beliti ifanye kazi ya chini, moshi ufanye kazi ya juu, na beliti ikishamaliza zamu yake iachiliwe. Lancia walilifanya kwa ajili ya mashindano ya rali mwaka 1985 kwenye Delta S4, injini isiyofika hata lita 1.8. Nissan wakaliweka kwenye kigari cha mtaani, March Super Turbo ya 1989, cc 930 na nguvu farasi 110. Ukiiona ile March kwa nje utadhani ni ya mwalimu mstaafu.

Ila walioufanya mpango huu ukauzwa kwa watu wa kawaida ni Volkswagen. Mwaka 2005 walitoa Golf GT yenye 1.4 TSI, cc 1,390, nguvu farasi 170. Ile injini naipenda kwa namna ambayo mtu anapenda timu isiyochukua tena kombe. Supachaja yake inazunguka mara 5 kwa kila mzunguko wa krenki, na inashikwa na klachi ya sumaku ya aina ile ile ambayo mafundi wetu wanaijua kwenye kompresa ya AC. Chini ya mizunguko 2,400 supachaja inaingia kila unapodai nguvu. Kati ya 2,400 na 3,500 inaingia tu ukikanyaga ghafla. Krenki ikifika 3,500 rota za supachaja ziko kwenye 17,500, klachi inaachia, kilango cha hewa kinafunguka, na tabo inabaki peke yake hadi juu.

Lakini utamu wa mpango ule uko katikati, pale vyote viwili vinapofanya kazi pamoja. Supachaja imetangulia, tabo inafuata, hewa inapita kote. Kwenye mizunguko 1,500 presha ya jumla ilikuwa inafika mara 2.5 ya hewa ya nje. Tabo ile ile ikiachwa peke yake mahali pale pale ingefika kama 1.3. Soma namba hizo polepole. Supachaja peke yake haikuwa na ubavu wa kuziba pengo lote hilo. Ilichofanya ni kuingiza hewa nyingi, hewa nyingi ikawa moshi mwingi, moshi mwingi ukaamsha tabo mapema kuliko ambavyo ingeamka yenyewe, na tabo iliyoamka ikazidisha kile supachaja ilichokwisha kukifanya. Matokeo yake torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 240 ilianza kwenye 1,750 na ikanyooka hadi 4,500. Mpe dereva wa Newala kitu hicho uone kama atakuuliza tena habari za tabo mbili.

Utauliza: kama kuzidisha presha ni kutamu hivyo, kwa nini nisizidishe kwa tabo mbili na kuepuka bili ya beliti? Hapa ndipo tunaingia kwenye joto, na Mtwara joto si suala la vitabuni.

Hewa ikigandamizwa inapata moto. Tuchukue mchana wa kawaida wa Shangani hapa Mtwara, nyuzi 31. Tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 ikiipandisha hewa hiyo mara mbili, inatoka ikiwa karibu nyuzi 125. Supachaja ya rota mbili, ambayo ufanisi wake uko kama asilimia 55, inaitoa ikiwa karibu 150. Tabo juu ya tabo, mara 1.7 na tena 1.7 bila kupoza katikati, inakupa nyuzi kama 190. Ukiweka intakula, yaani kipoza hewa, katikati ikashusha hewa hadi 50 kabla ya hatua ya pili, unarudi kwenye 125 na unakuwa umefanya jambo la maana, ila sasa una tabo mbili, intakula mbili na mabomba ya kutosha kufunga mfumo wa maji wa nyumba, vyote ndani ya boneti la IST.

Hapo bado unyevu. Hewa yetu ya pwani imebeba mvuke, na mvuke unakaa mahali ambapo oksijeni ingekaa. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, karibu asilimia 3.4 ya hewa unayovuta ni mvuke. Si kubwa, lakini ni moja ya sababu gari lile lile linaweza kuonekana changamfu zaidi asubuhi ya kiangazi kuliko mchana wa Februari hapa bandarini.

Dizeli haina wasiwasi mkubwa na joto la namna hii. Kwenye dizeli silinda inajazwa hewa tupu, mafuta yanapulizwa dakika ya mwisho, na yanatakiwa yawake yenyewe. Ukiongeza hewa unaongeza heri. Kwenye petroli mchanganyiko upo ndani ya silinda tayari wakati pistoni inapanda, na unatakiwa usubiri plagi. Ukiwa umeshapata moto kupita kiasi hausubiri. Sehemu ya mchanganyiko inalipuka kabla ya moto wa plagi kuifikia, unasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka au ringi zinavunjika. Hakuna fundi wa kukuokoa hapo, kuna muuza injini za mtumba tu.

Oldsmobile wa Marekani walilijua hilo mapema. Jetfire yao ya 1962, moja ya magari ya kwanza ya mtaani kuwa na tabo, ilikuwa na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, yaani pistoni ikipanda inaubana ujazo wa silinda mara 10.25. Ili isigonge, iliwekewa tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli yakawa yanapulizwa ndani injini ikizidiwa. Wateja wakawa wanasahau kujaza lile tangi, na gari halikudumu sokoni.

Kumbuka hiyo 10.25, kisha fungua boneti la IST ya 1.5. Injini ya 1NZ-FE imetoka kiwandani na mgandamizo wa 10.5. Golf GT ilikuwa na kama 10, tena petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ambapo ikiyeyuka inapoza mchanganyiko. IST petroli yake inapulizwa nje, kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo kijana wangu anataka kuanza na injini yenye mgandamizo mkubwa zaidi, isiyo na namna ya kupozwa ndani, aipe hewa ya nyuzi 190, kisha apitie kituo cha mafuta cha njiani kujaza.

Na kuna kitu kimoja cha tabo juu ya tabo ambacho video hazikionyeshi, nacho ndicho kinachonikera zaidi. Moshi unaotoka lazima usukume magurudumu mawili yaliyofuatana kabla ya kufika ekzosi. Njia inabana. Mlango wa kutolea moshi ukifunga, silinda inakuwa imebakiza moshi wa moto sana ndani, na moshi huo unachanganyika na petroli mpya na kuipasha kabla hata pistoni haijaanza kupanda. Dizeli inavumilia, moshi wake kwanza ni wa baridi zaidi. Wa petroli unaweza kukaribia nyuzi 1,000 injini ikiwa imebanwa. Umefunga tabo ya pili ili upate presha, halafu hiyo tabo yenyewe inaleta joto linalokuzuia kuitumia presha uliyoipata. Kompyuta ya injini inachelewesha cheche ili kujiokoa, nguvu inashuka, moshi unazidi kuwa wa moto. Unajikuta unaendesha jiko.

Ndiyo maana magari ya tabo mbili za kufuatana yaliyojaa duniani ni ya dizeli. BMW walianza na 535d mwaka 2004, lita 3.0 na nguvu farasi 272. Ford Ranger ya dizeli ya lita 2.0 yenye tabo mbili, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 2010, ni mpango wa familia hiyo hiyo. Ukikutana na kijana anayeonyesha Ranger kama ushahidi kwamba tabo mbili zinawezekana kwenye injini ndogo, mkubalie, kisha muulize inajazwa nini.

Kuna mahali petroli na hatua mbili viliwahi kuelewana vizuri sana, napo ni angani. Ndege ya kivita ya Marekani P-47, ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na injini ya petroli iliyopewa hewa na tabo kubwa kule nyuma ya rubani, ikapozwa, ikaingia kwenye supachaja ya gia iliyokuwa ndani ya injini. Tabo na supachaja, miaka 60 kabla ya Golf GT. Lakini ile ndege ilikuwa inapigana mita 9,000 juu, ambapo presha ya hewa imepungua hadi chini ya theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Kuizidisha mara tatu kule ni kuirudisha tu ilipokuwa. Sisi gereji zetu ziko mita chache kutoka bahari ya Hindi, hewa imejaa kabla hujaigusa. Hata Newala, kwa mwinuko wake wa zaidi ya mita 600, inakupunguzia kama asilimia 7 tu. Huko si kupungukiwa kwa kumfanya mtu afunge tabo ya pili.

Nisije nikaonekana naipigia debe supachaja bila kuijua ubaya wake. Pale Chikongola niliwahi kuiona moja imefunguliwa juu ya benchi, imetoka kwenye kigari cha cc 660 cha Kijapani. Rota mbili za alumini zilizokumbatiana bila kugusana, na nafasi kati yake na nyumba yake ni ndogo kiasi kwamba ukiielekeza kwenye mwanga unaona mstari tu. Kwenye hiyo, mstari ulikuwa umepotea. Kulikuwa na mikwaruzo ya duara kuanzia mdomoni hadi mwisho, kama mtu ameparua na msumari, na rangi ile ya kijivu inayopakwa kwenye rota imebanduka kwenye ncha. Mzee mwenye gereji aliishika kwa kitambaa, akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo mmoja.

"Mwanangu, hili vumbi la Tandahimba," akasema. "Filta ilikuwa imepasuka kwenye kona, wamefunga na gundi ya mabomba."

"Haitengenezeki, mzee?"

"Inatengenezeka. Ukishapata nyingine."

Vumbi jekundu lile, tuliloishi nalo miaka yote kabla lami haijaanza kusogea, linaua supachaja kwa namna isiyoiua tabo haraka. Tabo nayo ina wauaji wake: oili iliyochoka, na mtu anayezima gari papo hapo baada ya kupanda mlima, oili ikaungulia kwenye bushi zake. Ukiwa na vyote viwili, una wauaji wote. Una beliti ya ziada, klachi ya sumaku, kilango cha hewa na mota yake, sensa za presha zaidi ya moja, na kontroli boksi inayotakiwa kujua nani yuko zamu. Kimoja kikilala, taa inawaka kwenye dashibodi na safari ya kutafuta spea inaanzia Mtwara, inapitia Kariakoo, na inaweza kuishia Japani. Chumvi ya bahari usiisahau. Intakula ni mapezi membamba ya alumini, na gari linalolala Shangani likipigwa upepo wa usiku huanza kuota unga mweupe kwenye mapezi hayo mapema mno.

Hata Volkswagen wenyewe hawakubaki na ule mpango. Injini ile ilitwaa tuzo ya Injini Bora ya Mwaka ya kimataifa mwaka 2009, heshima yote ikapewa, kisha mwaka 2012 wakaleta 1.4 TSI mpya kabisa yenye tabo moja. Nguvu farasi 140, torki Nm 250, na torki hiyo ilianza kwenye mizunguko 1,500. Pima na ile ya zamani: kilele kilipungua kwa farasi 30, lakini chini, kwenye ugonjwa wenyewe, tabo moja ndogo ya kisasa ilikuwa imefika mapema kuliko tabo na supachaja. Walichonga gurudumu jepesi, wakafupisha njia ya moshi kwa kuiunganisha na kichwa cha silinda, wakaweka intakula ya maji ndani ya njia ya hewa ili bomba liwe fupi. Hakuna cha ajabu hata kimoja, ni kupunguza tu nafasi ambayo hewa na moshi vinapotelea. Baadaye, 2017, ikaja 1.5 yenye tabo ya vibawa vinavyojipanga kulingana na wingi wa moshi, teknolojia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya dizeli kwa sababu vibawa vilikuwa haviwezi kuvumilia moto wa petroli.

Na Mercedes-AMG kuanzia 2022 wanauza lita 2.0 ambayo tabo yake ina mota ndogo ya umeme kwenye shafti. Mota inaizungusha kabla moshi haujafika. Ile kazi ya beliti, klachi na rota mbili imemezwa na kitu chenye unene wa sentimita chache. Nikiiangalia ile picha ya tabo ya mota huwa nawaonea huruma wahandisi wa Golf GT. Walijibu swali sahihi, miaka 17 mapema, kwa vyuma.

Basi nilimwambiaje mwenye IST? Nilimwambia kwamba hela ya kufunga tabo juu ya tabo, pamoja na pistoni za mgandamizo mdogo, nozeli kubwa, pampu ya mafuta na mtu wa kuipanga kompyuta, inanunua gari jingine. Nikamwambia kwamba kama anataka nguvu ya kiwandani kwenye gari dogo atafute lililozaliwa na tabo, alibadilishie oili mapema, na aliache linguruma dakika moja kabla ya kuzima. Kwa mwenye kirikuu jibu lilikuwa fupi zaidi: punguza magunia.

Mwenye IST hakuridhika. Vijana hawaridhiki na jibu linaloanza na "usifanye". Akasema sawa, tabo mbili ameacha, lakini kitu kimoja lazima akifunge, nimwambie kipi. Kwa hiyo tukakaa na daftari. Supachaja ndogo ya mtumba yenye klachi yake, presha isivuke mara 1.3 ya hewa ya nje kwa sababu ya ile 10.5, intakula mbele ya rejeta, plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko, na boksi la filta liwe jipya, la kiwandani, bila gundi. Alipofika kwenye boksi la filta akauliza kama hilo nalo ni lazima.